Binti Ataka Kazi ya Kugawa Mitaji, Mama Ataka Aende Benki

Jumamosi ya juma lililopita nilikuwa nimeketi sebuleni nikichambua sukuma wiki na kusikiliza redio, mlango ukabishwa. Alikuwa mama jirani yangu wa ploti ya pili, ambaye siku kama hiyo huwa Gikomba akiuza nguo za mitumba mpaka jua litue. Kumwona nyumbani saa nne asubuhi kulinitia wasiwasi. Nilimkaribisha, nikamtilia chai, naye kabla hajaionja akatoa bahasha mbili mkobani na kuziweka mezani kama mtu awekaye ushahidi mbele ya hakimu.

“Mwanangu, wewe unaandika gazetini. Nisomee hizi, kisha uniambie kama binti yangu ana wazimu.”

Barua ya kwanza ilitoka kwa benki. Kazi ya kudumu, bima ya matibabu, pensheni, na mshahara ambao si haba kwa mtu aliyemaliza shahada ya biashara mwaka jana tu. Ya pili ilitoka kwa kampuni ndogo yenye afisi kule Westlands, watu sita kwa jumla, ikimwalika binti kwa uanagenzi wa miezi sita. Posho yake nilipoipigia hesabu niliona ingemtosha nauli ya matatu na chakula cha mchana, basi. Na binti alikuwa amechagua hiyo ya pili.

“Ati ni kazi ya kugawia watu pesa,” mama akasema. “Pesa za nani? Na wakizila?”

Nilicheka, lakini baadaye niliona kwamba mama yule ambaye hakuingia chuo chochote alikuwa ameuliza maswali mawili ambayo vijana wengi wanaoitamani kazi hii hawajajiuliza. Kwa kuwa najua nyumba nyingi zina kijana wa aina hiyo, hebu tuyajibu pamoja.

Kazi yenyewe ni ya kuwekeza mtaji wa ubia, na vijana wa mjini huifupisha wakaiita vencha. Benki ikikupa Sh1 milioni yataka uirudishe na riba, biashara ikue isikue, na kabla haijakupa itauliza una shamba, una gari, nani atakudhamini. Mtu wa vencha haulizi shamba. Hukupa pesa akachukua sehemu ya kampuni yako, tuseme hisa 15 katika kila 100. Biashara ikifa hakudai kitu, pesa zake zimezikwa nayo. Ikikua mara 50, sehemu yake nayo imekua mara 50, na siku kampuni itakaponunuliwa na kubwa zaidi, au itakapouza hisa kwa umma, ndipo avunapo.

Mtindo huu kwa sura yake ya kisasa ulianzia Boston, Marekani. Mwaka wa 1946 ilianzishwa huko kampuni iliyoitwa American Research and Development, na aliyeiongoza alikuwa Georges Doriot, Mfaransa kwa kuzaliwa, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyekuwa amefika cheo cha brigedia katika jeshi la Marekani. Mwaka wa 1957 iliwapa wahandisi wawili dola 70,000 waanze kampuni ya kompyuta, Digital Equipment, nayo ikachukua asilimia 70 ya kampuni hiyo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 sehemu ile ilikuwa imefika thamani ya zaidi ya dola 300 milioni. Nyingi za kampuni nyingine ambazo Doriot alizisaidia hazina anayezikumbuka.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu mama aliweka kikombe chini. “Sasa hiyo si ndiyo nilifanya na wale wasichana?”

Akanieleza. Miaka kadhaa iliyopita aliwapa wasichana watano waliokuwa wakimsaidia kibandani robota moja moja la nguo kila mmoja. Hakuwaandikia deni. Walikubaliana tu kwamba faida wagawane nusu kwa nusu. Wawili walitoweka na robota zao na mpaka leo hajui waliko. Mmoja mali yake iliteketea katika moto, na wewe msomaji wa Nairobi wajua jinsi moto wa Gikomba ulivyo mgeni wa mara kwa mara. Wa nne alirudisha kidogo kidogo mpaka pesa za robota zikarudi, faida hakuna. Wa tano ana duka Eastleigh na anauza kwa jumla mpaka mikoani.

“Huyo mmoja alinilipia hasara ya wote,” mama akasema. “Lakini hiyo haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kuuza nguo.”

Maneno hayo ya mwisho yaandike mahali. Nitayarudia.

Sasa tuje kwa swali la kwanza: pesa za nani? Si za wale watu sita wa Westlands. Wao wanaendesha hazina, na hazina hiyo hujazwa na wengine: mashirika ya maendeleo kama lile tawi la Benki ya Dunia liitwalo IFC, kampuni za bima, matajiri, wakati mwingine hazina za pensheni. Hapa Kenya kanuni zinaruhusu hazina ya pensheni kuingiza hadi asilimia 10 ya mali yake katika uwekezaji wa namna hii. Kwa hivyo huenda akiba ya mwalimu au ya karani fulani imo mle. Aghalabu pesa hizo hufungwa miaka 10. Mitano ya kwanza ni ya kuchagua kampuni na kuzipa mtaji, mingine ni ya kuzilea na kuziuza.

Na hao wasimamizi wanakula nini? Desturi iliyoenea ni kwamba kila mwaka wanakata asilimia 2 ya hazina kuendesha afisi, kisha mwishoni, wenye pesa wakisharudishiwa zao, wanachukua asilimia 20 ya faida. Piga hesabu nami. Hazina ya Sh1 bilioni yasikika kama bahari. Asilimia 2 yake ni Sh20 milioni kwa mwaka. Toa kodi ya afisi, wakili, wakaguzi wa hesabu, safari, na mishahara ya wakubwa wawili watatu ambao bila wao hakuna hazina. Utaona ni kwa nini wamebaki watu sita, na ni kwa nini mwanagenzi anapewa nauli. Hakuna choyo hapo, hesabu tu haikubali. Na ile asilimia 20 ya faida, ambayo ndiyo hufanya watu waote magari makubwa, huja baada ya miaka mingi kama itakuja, na mtu wa chini hupata makombo yake au asipate kabisa.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kijana anapaswa kulijua kabla hajaikataa barua ya benki. Viti ni vichache mno. Benki moja kubwa huajiri watu wengi kuliko hazina zote za vencha jijini zikijumlishwa. Mtu anaweza kufanya uanagenzi wa miezi sita, akasifiwa na kila mtu, na mwisho akapeanwa mkono na barua nzuri ya shukrani, kwa sababu hakuna kiti.

Swali la pili la mama lilikuwa: na wakizila? Jibu ni kwamba zitaliwa. Nairobi imeyaona haya kwa macho. Mwaka wa 2021 na 2022 pesa za vencha zilimiminika Afrika, na mji wetu ulipata fungu kubwa. Mwaka wa 2023 mfereji ulikazwa. Kune, iliyokuwa ikiwapikia wakazi wa Nairobi chakula cha bei nafuu kwa mtaji wa dola 1 milioni, ilikuwa imekwisha kufunga jiko Juni 2022. Sendy ya kusafirisha mizigo ilisimama mwaka wa 2023. Copia, iliyowauzia watu wa mashambani bidhaa kupitia mawakala na ambayo mwaka wa 2022 ilipata dola 50 milioni kwa mkupuo, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizoshindwa Mei 2024. Wote hao walikuwa wamechaguliwa na watu wenye shahada nzito na tarakilishi za kisasa. Mama wa Gikomba alipoteza robota tatu katika tano, nao hawakufanya vizuri zaidi.

Hasara hizi ni sehemu ya kazi, kama vile mvuvi asivyohesabu kila kutupa wavu. Lakini zina watu ndani yake: madereva, wapishi, mawakala, makarani waliorudi nyumbani bila mshahara. Anayeichukua kazi hii akidhani ni ya kuvaa viatu visivyo na vumbi na kusikiliza hotuba hotelini hajaielewa.

Binti mwenyewe alikuja jioni. Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria, lakini haikuwa rahisi, maana alikuja amejipanga.

Nilimwuliza kama anajua siku nzima hupitaje katika afisi kama ile. Alijua. Maombi yanaingia kwa barua pepe mpaka yanafurika. Mwanagenzi huyasoma, huwapigia simu wateja wa kampuni inayoomba na kuwauliza kama kweli wananunua, hulinganisha hesabu na taarifa za benki, huandika kurasa za maelezo na kumpelekea mkubwa. Katika kila maombi 100 ni moja au mawili tu yanayopata pesa.

“Kwa hivyo kazi yako itakuwa kukataa,” nikamwambia.

“Ndiyo, dada. Nimelifikiria hilo.”

Nami nataka wewe pia ulifikirie. Mara 98 katika 100 utakuwa ukimwambia mtu ambaye ameacha kazi, ameuza gari, pengine amemkopa mkwewe, kwamba hapana. Kuna wanaokataa kwa kunyamaza. Barua haijibiwi, simu haishikwi, na mwenye kampuni anakaa miezi akingoja huku wafanyakazi wake wakimdai. Nimewahi kumsikia kijana mmoja akisema afadhali angetukanwa. Anayejua kukataa upesi, kwa adabu, na kwa sababu ambayo mwenzake anaweza kuitumia kurekebisha biashara, huyo hukumbukwa, na siku biashara nyingine nzuri ikichipuka humfikia yeye kwanza.

Na hata kwa kukataa utakosea. Kampuni moja ya zamani ya Marekani, Bessemer, hutangaza hadharani orodha ya kampuni ilizozifukuza mlangoni, na humo mna Apple, mna Google, mna Facebook. Sijui afisi nyingine yoyote hapa mjini iwezayo kubandika makosa yake ukutani hivyo, yetu ya gazeti ikiwamo.

Halafu nilimwambia binti shauri langu. Chukua benki, nikamwambia, kisha ombeleza upelekwe kitengo cha mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Kaa miaka mitatu. Soma daftari za watu, nenda ukawaone vibandani mwao, jua nani husema kweli. Nilimkumbusha maneno ya mama yake kwamba kazi yake ilikuwa kuuza nguo. Mama aliweza kumtambua yule msichana wa tano kwa sababu alikuwa amesimama kwenye kibanda miaka 20, akijua nani hupanga nguo vizuri, nani hukumbuka mteja, nani huamka mapema siku ya kufungua robota. Mtu asiyewahi kuuza nguo angempa pesa yule mwenye maneno matamu, na yule mwenye maneno matamu alikuwa mmoja wa wale wawili waliotoweka.

Tazama pia waliofaulu katika kazi hii walikotoka. John Doerr alikuwa muuzaji wa Intel kabla hajajiunga na Kleiner Perkins mwaka wa 1980. Don Valentine, aliyeanzisha Sequoia mwaka wa 1972, alikuwa ameuza vipuri vya elektroniki kwa miaka. Na Michael Moritz, niruhusu nijivune kidogo kwa niaba ya wenzangu, alikuwa mwandishi wa jarida la Time kabla ya kuingia Sequoia mwaka wa 1986. Ni yeye aliyesimama upande wa Sequoia ilipoingiza pesa Google mwaka wa 1999. Kila mmoja alifika mlangoni akiwa na kitu mkononi.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipinga, na sina budi kukiri kwamba pingamizi lake lilikuwa na uzito.

“Dada, benki itanifunza kuuliza swali moja tu kila siku: huyu akishindwa, nitapata wapi pesa zangu? Vencha huuliza kinyume chake: huyu akifaulu, atafika wapi? Nikikaa miaka mitatu nikiuliza la kwanza, nitaweza tena kuuliza la pili?”

Nilinyamaza. Ni kweli kwamba mkopeshaji na mbia hawana jicho moja. Mkopeshaji mzuri angempa yule wa nne, aliyerudisha pesa kidogo kidogo bila kukosa. Kwa mbia, wa nne si hasara wala si faida, na anayemtafuta ni wa tano. Mtu anaweza kuzoea kutafuta usalama hadi akawa hawezi kuona kitu kingine.

Nikampa njia ya tatu. Aende afanye kazi ndani ya mojawapo ya hizo kampuni changa zenyewe, katika mauzo au hesabu au usambazaji. Humo ataona jinsi pesa za vencha zinavyotumika zikishaingia, na hata kampuni ikimfia mikononi atakuwa amejifunza kitu kisichofundishwa chuoni. Aliitikia kwa kichwa, lakini aliniuliza nani atamlipia kodi mama yake kampuni ikifa. Kumbe mtoto alikuwa na hesabu zake. Ile barua ya benki aliikataa kwa mdomo tu, moyoni alikuwa ameipima kwa uzani wa nyumba nzima.

Basi hapo ndipo tulipokaa tukaongea kama watu wazima. Nilimwambia yeye ana kitu ambacho afisi za Westlands hazina kingi. Kwa miaka mingi kumekuwa na malalamiko kwamba pesa za vencha hapa kwetu huwaendea zaidi waanzilishi wageni, na mimi naona sababu mojawapo ni kwamba wanaochagua humwelewa upesi yule anayezungumza kama wao. Mtu anayejua bei ya robota na jinsi mama wa Gikomba anavyotoa mali kwa mkopo bila karatasi, akikaa katika meza hiyo, atauliza maswali ambayo wengine hawana. Lakini ni lazima ajue kweli, kwa tarakimu. Kuzaliwa karibu na soko pekee hakutoshi. Nilipomwuliza mama yake hupata faida kiasi gani kwa robota moja la nguo za watoto, hakuweza kunijibu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mama halijawahi kuwapo.

Kwa wewe msomaji uliye chuoni na unaotamani njia hii, nakupa lile lile nililompa. Usipeleke wasifu mtupu. Chagua biashara moja unayoiona kila siku, iwe kinyozi, iwe maziwa ya mlangoni, iwe bodaboda, uichunguze mpaka ujue kila shilingi inakoingia na inakotokea, kisha andika kurasa mbili: ungempa nani mtaji katika biashara hiyo, na kwa nini. Zoeza jicho kwa kusoma taarifa za fedha za kampuni zilizo katika Soko la Hisa la Nairobi, ambazo huchapishwa na hazikugharimu kitu. Uhasibu utakusaidia, sheria itakusaidia, uhandisi pia, lakini hakuna cheti kifunguacho mlango huu peke yake. Vituo kama iHub, kilichofunguliwa Nairobi mwaka wa 2010, huwa na mikutano ambapo wenye kampuni changa hueleza biashara zao mbele ya watu. Enda ukae nyuma, na kabla wakubwa hawajasema lolote, andika nani ungempa na nani ungemnyima. Weka tarehe. Baada ya miaka miwili fungua daftari hilo. Kama ulikosea mara nyingi, ni heri umejua kabla hujapewa pensheni za watu.

Mambo yalivyofika juma hili ni hivi. Binti alipiga simu benki akauliza kuhusu kitengo cha mikopo midogo. Akaambiwa kila mgeni huanzia kaunta, na baada ya miezi sita anaweza kuomba kuhamishwa. Aliwaandikia pia wale wa Westlands akawaeleza hali ya nyumbani bila kuficha, nao, nawasifu kwa hilo, walimjibu siku iyo hiyo: wanaweza kumngojea mpaka mwezi ujao, na kwa sasa awaandikie kurasa mbili juu ya biashara yoyote anayoijua. Barua ya benki yataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Jana asubuhi mama alinibishia mlango tena, safari hii bila bahasha. Alikuja kulalamika kwamba halali. Ati kila usiku wakimaliza kula, binti humkalisha na daftari na kumwuliza robota moja hutoa nguo ngapi za kamera, zile nzuri za juu, na ngapi huishia kuuzwa kwa fungu, na anayechukua kwa mkopo hulipa baada ya siku ngapi, na wangapi hawajalipa.

“Na wangapi hawajalipa?” nikamwuliza.

Alinitazama kidogo, akavuta kiti. “Tilia chai kwanza,” akasema.